Mdogo wangu anatoka soba (nyumba ya waraibu wanaoacha dawa za kulevya) mwezi ujao, tajiri anamtaka arudi kambini. Tumruhusu?

Kitangiri Juu (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Jumapili kuna kikao cha ukoo hapa nyumbani, na kati ya watakaoongea mimi ndiye mdogo kuliko wote, kwa hiyo nataka niingie na hoja zilizoshiba.

Mdogo wangu ana miaka 27. Alikuwa mvuvi wa dagaa, kambi moja upande wa Ukerewe. Kule alikuwa na bangi na gongo kama wenzake wengi, ila unga, yaani heroini, aliujulia hapa mjini Mwanza alipokuja kupumzika kwa rafiki yake. Akaanza na kokteli, unga kidogo ndani ya msokoto wa bangi, mwisho akawa hanyanyuki kitandani bila kete ya unga. Hii ni mara ya pili yuko soba. Mara ya kwanza alitoka amenawiri, anasali, anafua mwenyewe, mama akachinja jogoo. Wiki chache baadaye tukaanza kuulizana nani kahamisha sufuria.

Mezani kuna mapendekezo matatu. Tajiri wake wa zamani, mtu mwema kwa kweli, amesema nafasi yake kwenye mtumbwi ipo, arudi kambini. Baba mkubwa anataka tumuozeshe, atatulia. Mjomba anasema apewe bodaboda ya mkataba hapahapa mjini. Mama hana pendekezo, analia tu.

Soba wanatuambia kila kitu ni nia. Nia alikuwa nayo hata mara ya kwanza, niliiona. Sasa kinachomrudisha mtu ni nini, na kinachomshikilia ni nini?

bwana_ukweli
Tusizungushane. Mwenye nia haangalii nyuma. Babu yangu Sengerema aliacha pombe siku aliyobatizwa na hakuonja tena mpaka tunamzika. Hawa vijana wanadekezwa: mara soba, mara dozi ya bure, mara tuambiwe ni wagonjwa. Apelekwe kambini, kazi ngumu itamnyoosha.

Mama Igoma
Wewe unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuibiwa mtungi wa gesi na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mtoa mada, mwanangu, nijibu moja: akitoka anaenda kulala wapi? Chumba kilekile?

Kitangiri Juu
Ndiyo mama, chumba chake cha nje kipo, tumekipaka rangi.

Mama Igoma
Na dirisha linalotazama kijiweni bado lipo?

Kitangiri Juu
😅 Lipo.

Mshauri Nyakato
Kazi yangu ni ushauri kwa waraibu. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Kuutoa unga mwilini ndiyo sehemu fupi. Arosto, yaani mateso ya mwili ukikosa unga, huanza saa 8 hadi 24 tangu kete ya mwisho, huwa kali siku ya pili na ya tatu, na ndani ya siku kama 10 mwili unakuwa umetulia. Kinachobaki ni usingizi kugoma, moyo kuwa mzito, chakula na maongezi kukosa ladha, na hayo yanaweza kukaa miezi. Soba imemvusha hapo, lakini imemvusha akiwa ndani ya ukuta: hana pesa mfukoni, hana simu, ratiba inapangwa na wengine. Vyote vinavyomwamsha kiu viko nje ya geti. Siku anayotoka ndiyo anaingia chumba cha mtihani, na ninyi siku hiyo mnachinja jogoo kana kwamba matokeo yameshatangazwa.

Kurudi nyuma si kioja. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kati ya watu 40 na 60 katika kila 100 waliotibiwa uraibu hurudia kutumia. Kwa presha na pumu, wanaopata hali ileile tena wanakadiriwa kuwa 50 hadi 70, na hakuna anayemwambia bibi mwenye presha kwamba hana nia. Chicago kuna watafiti waliowafuatilia watu miaka 8 baada ya kuingia kwenye tiba, wakatoa majibu mwaka 2007. Waliokuwa klini, yaani hawatumii, chini ya mwaka mmoja, ni theluthi tu walioendelea kushikilia. Waliofikisha miaka 5, wakashikilia karibu 86 katika 100. Kwa hiyo familia ikiuliza "tumlinde mpaka lini", jibu langu ni kwamba mwaka wa kwanza ndio mbaya kuliko yote, na miezi sita ya soba haijafika hata huko.

Nini humwangusha? Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwachunguza watu walioanguka akatafuta ni nini hasa kilitangulia. Vilivyoongoza ni hali mbaya ya moyo (hasira, upweke, aibu), kushawishiwa na wenzao, na ugomvi na mtu wa karibu. Angalieni hapo: ugomvi na mtu wa karibu. Hao ni sisi. Akaona pia jambo lingine ambalo mimi naliona kila wiki. Mtu akiteleza mara moja anajisemea "nimeshaharibu, acha niharibu kabisa", na kutoka kete moja anazama moja kwa moja. Familia inayompokea kwa matusi siku hiyo inamsukuma palepale. Simaanishi mumchekee. Namaanisha kesho yake asubuhi awe na mtu wa kumwambia ukweli bila kuogopa kufukuzwa.

La mwisho, na hili naomba mlisome mara mbili. Uvumilivu wa mwili wake umeshuka. Kiasi alichokuwa anatumia zamani bila shida, leo kinaweza kumuua. Hii inawahusu hata wanaotoka gereza la Butimba. Huko jimbo la Washington, Marekani, utafiti wa 2007 ulikuta wiki mbili za kwanza baada ya gereza hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine, na kilichoongoza kuua ni dawa kuzidi. Mkimkuta anakoroma ajabu, pumzi moja moja, midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu na kimbizeni hospitali. Habari za kumnywesha maziwa au kummwagia maji ni kupoteza dakika.

Nina maswali mawili: aliwahi kuanzishiwa methadoni, ile dawa ya kliniki wanayopewa waraibu badala ya unga? Na ana ugonjwa mwingine wowote?

Sangara_Mkavu
Nimekaa mbele kabisa, nasoma.

bwana_ukweli
Mshauri, Wazungu wako umewaleta, na mimi nakuletea wa kwangu. Wanajeshi wa Marekani walitumia heroini Vietnam mpaka basi, waliporudi kwao wakaacha. Nani aliwapeleka soba? Nia.

Mshauri Nyakato
Mkuu umeleta mfano mzuri sana, na unanisaidia mimi. Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi waliorudi mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa ameshakuwa mraibu akiwa kule. Waliporudi, kati ya hao waraibu ni kama 5 tu katika 100 walionaswa tena ndani ya mwaka wa kwanza. Lakini walirudi wapi? Kwao, maelfu ya kilomita kutoka kwa muuzaji, kutoka kwenye vita, kutoka kwa wenzao wa kuvuta nao. Walihamishwa bara! Kijana wa Kitangiri anahamishwa kutoka soba kwenda kwenye dirisha linalotazama kijiwe. Hiyo nia unayoisema wewe ipeleke kwanza mahali inapoweza kupumua.

bwana_ukweli
Sawa, hapo umenibana. Ila kambini nako si ni kumhamisha?

Karabai
Hapo kwenye kambi niachieni, mimi ni tajiri, nina mitumbwi ya dagaa.

Wanaosema ziwani ni hatari wanafikiria usiku. Usiku wa giza mtu hana nafasi ya kulewa: taa zimewashwa, nyavu zinashushwa, alfajiri dagaa wanaanikwa, mchana analala kama gogo. Hatari ni mbalamwezi. Mwezi ukijaa dagaa hawavutwi na taa, mitumbwi inapaki, na ndipo tunapopiga hesabu. Tunatoa mafuta, tunatoa chakula, tunatoa madeni, kinachobaki wanagawana. Yaani kijana anapokea pesa ya mwezi mzima kwa mkupuo, kwenye siku ambazo hana kazi yoyote, mahali ambapo starehe pekee ni kibanda cha gongo. Wengine wanapanda chombo kuja Mwanza "kupumzika", na mtoa mada umeshatuambia mdogo wako aliujulia wapi unga. Mwezi ukianza kupungua wanarudi hawana hata nauli, wanaanza na deni.

Kwa hiyo swali la "arudi kambini" mimi naliuliza hivi: siku za mbalamwezi atakuwa wapi, na pesa yake anapokea nani? Nina vijana wawili ambao mgao wao natuma kwa simu kwa mama zao, wenyewe wanabaki na ya sabuni. Mmoja ametulia. Mwingine alinitukana mbele ya watu akahamia kwa tajiri mwingine. Si dawa ya wote.

Mama Igoma
Karabai ubarikiwe. Miaka yote hii nauza dagaa Kirumba mwaloni, sijawahi kuliunganisha hilo la mwezi na wale vijana wanaokuja kukopa.

Kitangiri Juu
Mshauri, nakujibu. Methadoni hapana, soba yao hawataki kuisikia, wanafuata zile hatua 12 za vikundi vya waraibu wanaosaidiana kuacha, na wanasema methadoni ni kubadilisha ulevi. Ugonjwa: alikutwa na TB akiwa humo ndani, yuko kwenye dozi, bado miezi kadhaa amalize.

Dirisha la Dozi
Mtoa mada, mimi ni wa methadoni. Nakunywa kila asubuhi mbele ya nesi, kikombe kidogo, nimeshazoea kuliko chai.

Hilo la "kubadilisha ulevi" nimelisikia kanisani, nimelisikia kwa shemeji, nimelisikia kwa mganga mmoja ambaye naye alitaka laki mbili. Tofauti naijua kwenye mwili wangu. Unga unakaa saa chache, unakunyanyua na kukubwaga, siku nzima kazi yako ni kutafuta. Methadoni inakaa mwilini zaidi ya siku, hainipandishi, inanizuia kuumwa. Saa mbili asubuhi nimemaliza, naenda kuchomelea mageti. Niliowaona wakiteremshiwa dozi haraka kwa sababu familia imechoka kuulizwa na majirani, wengi niliwakuta tena maskani. Wengine sikuwakuta tena kabisa.

Sifichi ubaya wake. Kila siku ni kila siku, hakuna Krismasi hakuna msiba Magu. Nauli inauma. Na wauzaji si wajinga, wanajua waraibu wanapita njia gani asubuhi. Kuna siku nimerudi nyumbani kwa kuzunguka mitaa mitatu ili nisikutane na mtu mmoja tu.

Sasa TB. Hili liandikeni ukutani. Ile dawa nyekundu ya TB, rifampisini, inaifanya methadoni iishe haraka mwilini. Mimi ilinikuta: dozi ileile, ghafla saa nane usiku jasho, miayo, mifupa inauma, nikadhani nesi amenipunja. Kumbe ni vidonge. Waliniongezea mpaka nikakaa sawa, na nilipomaliza TB wakanishusha taratibu, kwa sababu kubaki juu bila rifampisini ni hatari kwa upande wa pili. Kama asingenieleza daktari, ningerudi kwenye unga nikiwa na kadi ya kliniki mfukoni.

Mshauri Nyakato
Dirisha ameongea kuliko mimi. Naongeza kidogo tu. Muhimbili walianza methadoni mwaka 2011, baadaye ikafika mikoani, na hapa Mwanza kliniki iko Sekou Toure, ni bure. Lakini huyu kijana yuko klini miezi kadhaa, kwa hiyo hamuendi kudai dozi. Mnaenda apimwe na wenyewe waamue, maana mwili uliokwisha kupoa hauanzishwi kwa kukisia. Hatua 12 nazo zina watu waliosimama kwazo, mikutano ile inampa mtu marafiki wapya, na marafiki wapya ni nusu ya kazi. Sioni sababu ya kuzigombanisha.

Angalieni pia hili: akianzishwa methadoni, kambi ya Ukerewe imejifuta yenyewe. Nansio hadi hapa ni kama saa tatu za meli. Hakuna anayevuka ziwa kila asubuhi kunywa kikombe kimoja.

Na kwa wenye ndugu wa gongo wanaosoma hapa, msichukue maneno ya arosto ya unga mkayapeleka kwenye pombe. Mlevi wa miaka mingi akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa akafa. Huyo hafungiwi chumbani na maombi peke yake, anapelekwa hospitali.

Dada wa Pasiansi
Naomba niongelee pendekezo la baba mkubwa, kwa sababu mimi ndiye mwanamke niliyeozeshwa kwa mtu wa hivyo ili atulie.

Hakuna aliyeniambia. Mahari ilitolewa haraka nikaona napendwa. Miezi ya mwanzo alitulia kweli, akawa ananisindikiza sokoni. Halafu mtoto akaja, pesa ikapungua, tukaanza kugombana, na kila tukigombana alikuwa anatoka. Wakwe wakasema mimi ndiye nimemrudisha kwa mdomo wangu. Mtu aliyekuwa anatumia tangu kabla hajanijua! Nikawa mlinzi wa zamu mbili: usiku namlinda mume, mchana nalinda vitu vya ndani. Leo nipo kwetu na mtoto.

Mimi sisemi mraibu asioe. Aoe akiwa na mwaka wake au miwili ya kusimama, na binti aambiwe kila kitu kabla. Huyo baba mkubwa muulizeni kama binti yake mwenyewe angemtoa.

Mama Igoma
Pole mwanangu. Hilo swali la mwisho mtoa mada liweke kwanza Jumapili.

nyegezi_stendi
Bodaboda sahauni. Hesabu ya tajiri kila jioni, noti mkononi kutwa nzima, na kijiwe chetu bangi inanukia kuanzia saa nne. Siku umekosa abiria una hasira na una deni. Mimi dereva, najua ninachosema.

bwana_ukweli
Basi afanye nini sasa, akae ndani anakula ugali? Kila kazi mmeipiga marufuku.

Karabai
Swali la haki. Mtu asiye na kazi anarudi haraka kuliko mwenye kazi ngumu, hilo naungana na bwana_ukweli. Nchi kavu kuna kazi za samaki zisizomlaza kambini: kushona nyavu, kuanika na kupaki dagaa, kupakia magari pale mwaloni. Kushona nyavu kunamfaa, anakijua, anakaa na wazee, halipwi kwa mkupuo. Mtoa mada nitumie ujumbe pembeni. Sitoi ahadi ya mshahara mkubwa, na siku akija amesinzia namrudisha nyumbani bila kelele, kesho anajaribu tena. Asije kwangu kabla hajamaliza TB ya kuambukiza, nina wazee pale.

Mshauri Nyakato
Karabai, akishatumia dawa vizuri wiki kadhaa kwa kawaida anaacha kuambukiza, kliniki ya TB ndiyo itakayothibitisha. Asiache kazi kwa woga huo, ila na dozi asikatishe.

Kitangiri Juu
Wakuu, mrejesho wa kikao kama mlivyoomba. Samahani kwa kuchelewa, wageni walilala.

Nilianza na swali la Dada wa Pasiansi. Baba mkubwa alinyamaza, akanywa maji, akasema "tuendelee na ajenda nyingine". Ndoa imewekwa kando, haijafutwa. Mjomba amekasirika kuhusu bodaboda, anasema tumemdhalilisha kijana kwa kutomwamini na pesa. Nilimjibu kwa heshima kwamba kutoshika pesa si jambo la milele, ni mwaka huu tu. Hajaridhika, na sidhani kama ataridhika.

Atakaa kwa shangazi Buhongwa, chumba cha ndani, watoto wa shule wapo, hakuna anayemjua pale. Wiki ya kwanza nampeleka mimi mwenyewe Sekou Toure akapimwe, na kadi ya TB mkononi. Mkutano wa hatua 12 ataendelea, ameniambia kwa simu kwamba kuna jamaa mmoja wa mle ambaye ndiye pekee anayempigia akiwa na kiu, na huyo jamaa naye alianguka mara tatu kabla ya kusimama. Kwa Karabai ataanza taratibu. Tajiri wake wa zamani nimempigia kumshukuru, amesema mtumbwi utamngoja hata mwaka kesho.

Mama amekubali yote, isipokuwa jogoo. Anasema atachinja tu.

Mama Igoma
Achinje, jogoo hana kosa. Wabheja sana kwa mrejesho.

Dirisha la Dozi
Swali dogo. Laini yake ya simu ya zamani mmeifanyaje? Namba zote za wauzaji zinaijua hiyo laini. Kwangu ndiyo iliyoniangusha, mtu anakupigia saa tano usiku anakwambia "nipo hapa nje, ya leo bure".

Kitangiri Juu
Duh. Laini anayo mama tangu alipoingia soba, anaitumia kupokelea hela za kikundi, na amegoma kuitoa. Walikuwa wanapiga kweli. Wa mwisho alipiga juzi wakati wa ibada ya jioni, mama akamuwekea spika kubwa akamuombea kwa jina mpaka salio la yule muuzaji likakata. Hajapiga tena.